Kinachochoka ni Mpira, Bwana, si Chuma

Msyuu! Mtu ana gari la maana, ana viatu vyenye meno chini, ana kofia aliyonunua Dubai, halafu anauza seti nzima ya fimbo za gofu kwa sababu eti zinamteleza mkononi. Zinateleza! Habari hii tuliletewa na kedi wetu, kijana anayebeba mifuko ya wakubwa pale uwanja wa gofu wa Lugalo, ambaye akitoka kazini lazima apitie kijiweni apate vikombe viwili vya kahawa. Alipoisema, drafti ilisimama. Fundi pikipiki alikuwa anakaribia kula kete tatu kwa mpigo, akaacha mkono hewani.

"Zimepakwa nini hata ziteleze?"

"Hazijapakwa kitu, braza. Gripu zimekufa."

"Kwa hiyo gripu ikifa, unauza pikipiki?"

Hapo kijiwe kizima kikasonya kwa pamoja, na mimi nikiwemo.

Tuelewane. Fimbo ya gofu ina kichwa, ina mti, ina mpini. Kichwa ni chuma. Mti ni chuma pia, au ni nyuzi za kaboni. Vyote viwili vikitunzwa, mtoto anarithi. Pale kwenye mpini pamevalishwa mpira wa urefu wa inchi 10 na nusu hivi, uzito wake gramu 50 hivi, ndiyo gripu yenyewe, na huo ndio unaokufa. Tena ndipo mahali pekee ambapo mwili wa mchezaji unagusana na fimbo. Mtu anatoa mamilioni kwa ajili ya kichwa kipya, mpini anaoushika kila siku hata kuutazama hautazami.

Zamani mpini ulikuwa wa ngozi, inazungushwa kwenye mti kwa mkono mpaka juu, na fundi wake ni wa kutafutwa. Kampuni ya Lamkin ilianzia Chicago mwaka 1925 kwa kazi hiyohiyo ya ngozi. Miaka ya 1950 ukaja mpira wa kuchomeka moja kwa moja, Golf Pride wakiwa mbele, na tangu hapo ile siri ya fundi ngozi ikaisha. Ikawa kazi ya yeyote mwenye kisu, tepu na subira. Sasa miaka yote hiyo imepita, bado kuna watu wanaogopa mpini utadhani umefungwa kwa hirizi.

Muuaji wake wa kwanza ni jasho. Wa pili ni yale mafuta ya kujikinga na jua. Wa tatu, na huyu kwa joto la Dar ndiye jambazi sugu, ni buti la gari. Mfuko unatupwa humo Jumapili jioni, unakaa unachemka hadi Jumamosi nyingine. Mpira unakauka, unakuwa mgumu, unaanza kung'aa, na pale kidole gumba kinapokaa panachimbika. Mkono ukihisi fimbo inataka kuponyoka hauombi ruhusa, unakaza wenyewe. Ukikaza, mabega nayo yanakakamaa, mpira uliopigwa unaenda vichakani, na anayelaumiwa ni kedi: "Umenisomea vibaya!" Nyoo! Kedi ndiye aliyekwambia uache fimbo zichemke?

Wauzaji wa gripu wanasema badilisha kila mwaka, au kila baada ya raundi 40. Sawa, muuzaji aseme nini kingine? Kabla hujafungua pochi, zioshe kwanza: maji vuguvugu, sabuni ya vyombo, brashi laini, suuza, futa, acha zikauke kivulini. Nyingine zitafufuka. Ukiosha na bado zinang'aa, hizo hazina dawa.

Basi wiki hiyohiyo, bwana mmoja wa mtaani kwetu, mstaarabu, asiye na makuu, akasikia gumzo letu akaamua kujifanyia mwenyewe. Safi. Ila akaja kufanyia kijiweni, apate mashahidi. Kwanza akatoa kisu cha jikoni. Kedi akamshika mkono taratibu: "Shikamoo braza, hicho cha nyanya." Kisu chenyewe ni kile chenye ncha iliyopinda, kinachonasa mpira na kuupasua kwa kuvuta, bila kuchimba mti. Kwenye mti wa chuma, hata kisu kilichonyooka kinakusamehe. Kwenye mti wa kaboni hakuna msamaha: ukikwaruza nyuzi umeshapanda ufa, na siku moja fimbo itakatika katikati ya pigo. Na kisu kinakwenda upande usio na mwili wako, hili nalo watu wazima wanahitaji kuambiwa.

Kisha bwana wetu akatoa chupa ya maji ya kunywa. Akafungua kifuniko. Harufu ikafika kabla yeye hajasema. Petroli! Na jiko la kahawa liko hatua mbili, mkaa umewiva mwekundu.

Mzee wa kahawa hakugombana na mtu. Alinyanyua dele na jiko lake kwa pamoja, kama anavyozoea akizungusha mitaani, akavuka barabara. Sisi na vikombe vyetu nyuma yake, mstari mmoja. Alipotua ng'ambo ndipo akageuka. "Mwanangu," akasema, "mgambo wameshindwa kuniondoa hapa. Sitaondolewa na mpini."

Fundi pikipiki akaitetea petroli, maana yeye gripu za bodaboda anazivalisha kwa petroli kila siku. Kweli inafanya kazi: inailowesha tepu, gripu inateleza kuingia, kisha inakauka upesi. Lakini mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa chinichini kutafuta moto ulipo. Duka la rangi lina tapentaini, lina waiti spiriti. Nazo zinashika moto, ila hazina pupa ya petroli, basi fanya uwanjani penye upepo, mbali na jiko na sigara. Thina waachie wapaka rangi, inaweza kuula mpira na kuchubua rangi ya mti. Mafuta ya taa yanaacha utelezi. Na nyinyi wa gundi ya viatu, jamani, gundi ile itakushika gripu ikiwa imefika nusu ya safari, usiweze kuisukuma wala kuivuta.

Kedi akachukua usukani. Nilimtazama kwa karibu, na nawaambia ile ni kazi ya kutazamwa. Aliukwangua mti hadi tepu ya zamani ikatoka yote, akaufuta. Akaipima gripu mpya ubavuni mwa mti, akatia alama ya kalamu pale mdomo wake unapoishia. Akabandika tepu inayonata pande mbili, upana wa inchi 2, kwa urefu wa mpini, akaikunja kuuzunguka mti bila makunyanzi, akaacha kipande kidogo kinaning'inia juu, akakisokota na kukisukumia ndani ya tundu la mti. Gripu ina kitundu kisogoni. Akakiziba kwa tii, kile kijiti cha kuwekea mpira. Akamimina tapentaini ndani, akatikisa, halafu akaimwaga yote juu ya tepu, karai likiwa chini kukinga. Tepu ikalowa ikawa telezi. Akabana mdomo wa gripu kidogo, akauingiza mtini, akasukuma kwa pumzi moja mpaka kisogo kikagonga mwisho wa mti na mdomo ukatua kwenye alama.

Hapo una kama dakika moja. Weka kichwa cha fimbo chini kikiwa kimekaa sawasawa, tazama mistari ya gripu kutoka juu, zungusha hadi ielekee katikati. Umechelewa? Imeshika ilivyo, kisu kirudi kazini.

Fundi pikipiki hakukubali kushindwa. Akapendekeza gripu za pikipiki ya Boxer, zile zenye mabonde ya vidole, "zinashika mpaka mvua ya masika". Wazo zuri, ila sheria za gofu zimeshalizika: gripu haitakiwi kufinyangwa kufuata vidole wala sehemu yoyote ya mkono, iwe ya mviringo, na unene wake usizidi inchi 1.75. Kilichoruhusiwa ni kigongo kimoja kilichonyooka urefu wote. Pata peke yake, ile fimbo ya kusukumia mpira shimoni, inaruhusiwa kuwa na ubapa. Mwenye viganja vikubwa ana njia yake halali: anaongeza mzunguko wa tepu chini ya gripu, kila mzunguko unanenepesha kama 1/64 ya inchi. Na angalia namba kabla ya kununua, kuna gripu ya mti wa inchi 0.600 na kuna ya 0.580. Ukikosea, unene unabadilika na mkono utalijua hilo kabla ya jicho.

Sasa hesabu. Mfuko hauruhusiwi fimbo zaidi ya 14, sheria iliyoanza Marekani mwaka 1938. Toa pata, yenye gripu yake ya peke yake, zinabaki 13. Dukani utalipia gripu 13 na mkono wa fundi mara 13. Ukifanya mwenyewe, unalipia gripu, tepu na kachupa ka tapentaini. Ile seti iliyouzwa kwa kosa la kuteleza, aliyeinunua kaivalisha mpira mpya na anaichezea kwa raha zake.

Lakini msonyo wangu mkubwa sikuutoa kwa petroli wala kwa kisu cha nyanya. Niliutoa nilipomuuliza kedi wakubwa wanamlipa nini kwa kazi hii. "Ya soda," akasema. Ya soda! Fundi ni yuleyule, ufundi ni uleule, lakini kwa kuwa hana duka lenye kioo na kiyoyozi, anapewa ya soda na kuambiwa asante kijana. Mchezaji gofu Seve Ballesteros, aliyechukua mashindano ya Kenya Open mwaka 1978, alianza kwa kubeba mifuko kwao Pedreña, Uhispania, na alijifunzia ufukweni kwa fimbo moja. Wabeba mifuko wanajua mengi, waheshimiwa. Tatizo wanaulizwa umbali wa shimo tu.

Kwa hiyo wewe mwenye fimbo zinazoteleza, zioshe. Zikikataa, nunua gripu moja tu, anza na fimbo usiyoitumia sana, iache ilale mpaka asubuhi kabla hujaipiga. Na kama huna muda, mpe kedi wako azivalishe zote, umlipe bei ile ambayo ungelipa dukani.