Sifa za Niuroanatomia, Mtunza Wafu

Masomo mengi ya chuo kikuu yamepata wa kuyasifu. Historia ina wazee wake, sheria ina majaji wake, na hata uhasibu una wazazi wanaoutaja kwa fahari kwenye harambee. Niuroanatomia, somo la ubongo, uti wa mgongo na neva, haijapata mtu wa kusimama na kuisema vizuri. Wanafunzi wa udaktari huipitia katika miaka ya mwanzo, hutoka wamekonda, kisha huitaja kwa ile sauti ambayo watu huitumia wakimtaja aliyewakopesha pesa. Mwaka 1994 daktari wa neva wa Marekani, Ralph Jozefowicz, aliuandikia makala woga wa wanafunzi mbele ya somo la neva na kuupa jina kana kwamba ni maradhi. Alisema unatokana na mwanafunzi kushindwa kuyaunganisha aliyoyakariri na mgonjwa aliyelala mbele yake. Dhuluma tupu. Somo linalowatesa watu wa kila taifa, dini na kabila bila upendeleo linastahili angalau kurasa mbili za shukrani.

Anayeziandika shukrani hizo hajawahi kulisoma. Alilifahamu jinsi wajomba wengi wa Bungoma wanavyoufahamu udaktari: kwa kuulipia. Mpwa wake ni kijana wa Naitiri, eneobunge la Tongaren, upande ambao mashamba ya walowezi yaligawanywa kuwa skimu na ambako hadi leo karo hupimwa kwa magunia ya mahindi ya kilo 90. Magunia yaliyotoka ghalani kwa ajili ya jozi 12 za neva za kichwa hayakuhesabiwa, ila mama yake kijana anasema zile jozi 31 za uti wa mgongo zilikula ng'ombe. Chuo chenyewe hakitatajwa. Udaktari unafundishwa Nairobi tangu 1967, Eldoret tangu 1990, na siku hizi katika vyuo vingine vingi, na niuroanatomia ni ile ile kote. Tena si busara kumtaja kwa jina mtu ambaye bado hamjamalizana.

Fadhila kuu ya somo hili, ambayo hakuna lingine linaloikaribia, ni heshima kwa wafu.

Ubukusuni, mzee mwenye jina akifa, huitwa msemaji wa kuswala kumuse. Husimama na fimbo yake mbele ya waombolezaji, akaenda huku na huku, akitaja koo, safari za mababu, vita na nani alimzaa nani. Si kila mtu anaruhusiwa kazi hiyo, na wanaoijua wanapungua. Wanaolia kwamba sanaa hiyo inakufa hawajafika kwenye bweni la wanafunzi wa udaktari wiki ya mtihani, saa nane za usiku. Huko kumuse huswaliwa kila chumba, tena bila posho wala kuku. Tofauti ni kwamba marehemu karibu wote ni Wazungu.

Hutajwa kwanza Thomas Willis, Mwingereza aliyechapisha kitabu chake cha ubongo mwaka 1664, akachorewa picha na Christopher Wren, yule yule aliyesanifu kanisa kuu la Mtakatifu Paulo la London. Yeye alirithishwa duara la mishipa ya damu chini ya ubongo, na litaitwa lake hadi kiama. Hufuata Magendie Mfaransa, mwenye tundu moja la kupitishia maji ya ubongo, na Luschka Mjerumani, ambaye moja halikumtosha, ana mawili. Edinger na Westphal wanaishi pamoja katika kijichumba kimoja cha ubongo wa kati, kazi yao kubana mboni ya jicho mwanga unapozidi. Hawajawahi kusikika wakigombania kodi. Paul Broca alipata eneo lake mwaka 1861 kwa sababu ya mgonjwa mmoja wa Paris ambaye kila alipoulizwa jambo alijibu “tan”. Carl Wernicke alipata lake mwaka 1874 akiwa na miaka 26, umri ambao kijana wa Naitiri bado anajaza fomu za mkopo wa HELB. Alikufa 1905 baada ya ajali ya baiskeli. Mwanafunzi makini analijua hata hilo, ingawa ukimuuliza babu yake mzaa mama alizikwa shamba lipi atakuomba umpe muda.

Waombolezaji wakianza kusinzia, hutajwa Brown-Séquard, na hapo hata wa safu ya nyuma huinua kichwa, maana huyu ni jirani. Alizaliwa Mauritius mwaka 1817, katika bahari yetu hii ya Hindi. Yeye ndiye aliyeonyesha kwamba uti wa mgongo ukikatwa nusu, mguu wa upande uliokatwa hupooza, ilhali mguu wa upande wa pili ndio usiosikia maumivu wala joto. Ni jambo la ajabu, na mwanafunzi akishalielewa halisahau. Kisha mwaka 1889, akiwa mzee wa miaka 72, alijidunga sindano ya maji ya korodani za mbwa na simbilisi, akatangazia ulimwengu kwamba nguvu za ujana zimemrudia. Swali la sindano hiyo halijawahi kuletwa kwenye mtihani, na ndilo pekee ambalo darasa zima lingelipata.

Kumuse isiyokuwa na ugomvi wa urithi haijakamilika, na huo pia upo. Mwaka 1906 Camillo Golgi wa Italia na Santiago Ramón y Cajal wa Uhispania waligawana Tuzo ya Nobel. Cajal alikuwa ameonyesha, kwa kutumia rangi aliyoibuni Golgi, kwamba ubongo umejengwa kwa seli zilizo mbalimbali. Golgi alipanda jukwaani Stockholm akaitumia hotuba yake ya Nobel kuipinga hoja hiyo, mwenzake akiwa papo hapo. Mwanafunzi anatakiwa awakumbuke wote wawili kwa heshima sawa, asiegemee upande.

Baada ya hao huja Korbinian Brodmann, Mjerumani aliyeligawa gamba la ubongo mwaka 1909 na kuyapa maeneo yake namba hadi 52. Ukizitafuta zote kwenye ubongo wa binadamu huzipati. Namba 14, 15 na 16, kwa mfano, hazimo. Ni za wanyama wengine. Kwamba namba zinaweza kukosekana kwenye orodha na hakuna mtu anayeulizwa, hilo kuna ofisi zilizolisoma kuliko wanafunzi.

Fadhila nyingine hazihitaji maneno mengi. Somo hili huokoa chakula, kwani anayelisoma hana saa ya kula. Hunyamazisha siasa: bweni lililokesha likibishana juu ya ugavana wa Bungoma hukesha likibishana juu ya neva ya tano. Huvunja mapenzi yasiyo na msingi, na yenye msingi pia. Hukuza lugha, maana kuna sentensi za Kiingereza zilizotungwa ili herufi ya kwanza ya kila neno ikumbushe neva moja, na nyingi kati ya hizo haziwezi kusomwa mbele ya mama mkwe. Huwatajirisha wenye mashine za fotokopi. Nayo fomalini, dawa inayouzuia ubongo usioze, hufanya lile ambalo jando la Agosti halikuweza: huwatoa vijana wa Kibukusu machozi hadharani.

Mtihani wa vitendo wenyewe ni ibada. Vipande vya ubongo hupangwa mezani, kila kimoja kimechomekwa pini, na mwanafunzi husimama mbele ya kila pini mpaka kengele ilie, ndipo asogee. Pini moja huwa kwenye neva ya nne, nyembamba kuliko zote 12 na ya pekee inayochomoza upande wa nyuma wa shina la ubongo. Kengele hulia wakati jina liko kwenye ncha ya ulimi. Lakini kuna haki kubwa katika kengele: haijui mtoto wa waziri wala mtoto wa Naitiri.

Likizo moja ya Agosti, mtoto wa jirani alianguka kifafa njiani karibu na soko. Watu wakakusanyika, mama mmoja akakimbilia kijiko cha kumtia mdomoni, mwingine akasema asiguswe, ataambukiza. “Daktari” akaitwa. Mpwa alikuwa amefaulu mtihani juzi. Angeweza kueleza mawimbi ya umeme yanavyosambaa kwenye gamba la ubongo na kutaja chumvi zinazoingia na kutoka katika seli. Alisimama pale. Aliyemlaza mtoto kwa ubavu, akamlegezea nguo shingoni, akakataa kijiko na kuwaambia watu wasogee ni mhudumu wa afya wa kijiji, mama mwenye mkoba wa serikali na cheti cha shule ya msingi. Baadaye kijana alimwambia mjomba wake, “Khocha, hayo hatujafika.” Yapo mwaka wa nne au wa tano.

Hapo sifa zinaanza kukwama kooni. Magharibi mwa Kenya nguruwe wengi hufugwa wakizurura, na watafiti wamefanya kazi Busia kwa miaka juu ya tegu wa nguruwe. Mayai ya mnyoo huyo, yakitoka katika choo cha mtu na kumezwa na mwingine kwa mikono au mboga chafu, huweza kwenda kuota vifuko ndani ya ubongo, na vifuko hivyo ni miongoni mwa sababu za kifafa ambazo choo safi na sabuni vinaweza kuzizuia. Hiyo ndiyo niuroanatomia ya Tongaren na Busia. Katika daftari la mpwa imepewa slaidi moja, mwisho wa kipindi, baada ya matundu matatu ya Mfaransa na Mjerumani. Somo halina kosa. Ubongo haukujipangia ratiba. Kuna watu waliokaa kwenye kamati, wakanywa chai, wakakubaliana kwamba jina la tundu lina alama mbili na kumlaza mtoto kwa ubavu hakuna alama.

Na tukishafika kwenye alama, basi.

Mwaka 1953, huko Hartford nchini Marekani, mpasuaji William Scoville alimtoa Henry Molaison sehemu za ubongo pande zote mbili, pamoja na sehemu kubwa ya hipokampasi, ili kumtibu kifafa. Kifafa kilipungua, lakini hadi alipokufa mwaka 2008 Molaison hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya za matukio. Mtafiti Brenda Milner alimfuata kwa miaka mingi, na kila alipoingia chumbani ilikuwa kama ndiyo mara ya kwanza kuonana. Wanafunzi hufundishwa kisa hicho kwa mshangao. Wanafunzi wa Kenya hawashangai. Wanaijua ofisi ya mitihani.

Mpwa alipomaliza mwaka wa sita, orodha ya mahafali ilibandikwa na jina lake halimo. Alama za niuroanatomia, mwaka wa pili, hazionekani. Aliufanya mtihani, alisaini karatasi ya mahudhurio, na alipandishwa miaka minne mfululizo na chuo kile kile ambacho hakimpandishi aliyeshindwa. Hayo yote ofisi inayakubali. Kinachokosekana ni alama. Aliambiwa arudi Jumatatu. Jumatatu mfumo ulikuwa unasumbua. Mhadhiri alikuwa likizoni, kisha alihamia chuo kingine, kisha akatakiwa kijana mwenyewe alete ushahidi kwamba alisahihishwa. Kila akifika dirishani hujieleza upya kwa mtu yule yule. Lakini Molaison alikuwa mtu mpole, na hakumtoza mtu ada ya muhula kwa kosa la kumsahau.

Kuna wenzake wa kila kitivo, kila kaunti, wenye kisa hiki hiki, kiasi kwamba alama kupotea kumekuwa sehemu ya elimu ya juu nchini kama karo na migomo. Wanaoziona alama zao nao hawajafika mbali. Sheria haimruhusu daktari kusajiliwa kikamilifu kabla ya mwaka wa mafunzo hospitalini, na nafasi hizo hutolewa na serikali. Mwaka 2024 madaktari waligoma kuanzia Machi hadi Mei, mojawapo ya sababu ikiwa ni hao wanagenzi: mkataba wa 2017 uliwapa takriban shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikataka kuwapa 70,000. Vijana waliokwisha kuzijua namba zote za Brodmann walikaa vijijini wakisubiri barua, huku hospitali zikilia kwamba hazina madaktari. Tuzo ya Nobel iligawanywa kwa ugomvi mdogo kuliko huo.

Wakuu wa idara za mitihani katika vyuo vikuu vya Kenya wanaombwa, kwa unyenyekevu wote unaobaki baada ya miaka sita ya karo, wapekue karatasi zao kabla ya kumwambia mwanafunzi mwingine arudi Jumatatu. Inayotafutwa hapa ni ya mwaka wa pili, niuroanatomia, mtihani wa mwisho wa muhula. Mwenyewe yuko Naitiri anapalilia mahindi, na simu yake haizimwi.