Barua ya Wazi kwa Wapanga Madaraja: Ombi la Mizani ya Vigwaza

Kwa waheshimiwa mnaopanga madaraja ya Kidato cha Sita na sifa za kuingia chuo kikuu,



Wahitimu hawagombi kupimwa. Wanauliza tu C ina uzito gani. Ya mwaka 2013 ina pointi 3. Mwaka 2014 ikachomekwa B+, C ikashuka hadi 2. Mwaka 2016 divisheni, iliyokuwa imepisha wastani wa alama (GPA), ikarudi, C ikapanda tena hadi 3. Kwa mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), sharti ni pointi 4 kwa masomo mawili. Basi mwenye D mbili za 2013 anazo pointi hizo, anatosha kabisa. Mwenye D mbili za 2015 ana pointi 2 na pole.

Kwa unyenyekevu, wanaomba wahamishiwe kwenye mizani ya malori ya Vigwaza. Lori la saruji likipanda pale, linapimwa, dereva anapewa risiti, safari inaendelea. Likifika mizani ya Mikese linapimwa tena, na tani ni ile ile. Mhitimu naye apande na begi lake, cheti mkononi. Akizidisha madesa ya kukariri, yashushwe pembeni. Turubai lifungwe, aelekee Dodoma. Siku mpimaji atakapotangaza kwamba tani ya Vigwaza ni nusu tani Mikese, madereva watafunga barabara kabla ya magharibi. Watoto wa shule hawana barabara ya kufunga, ndiyo maana wanachezewa.

Kuchezewa huko si hadithi: Mei 2016 vijana zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi waliondolewa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Serikali iliwaita yenyewe, ikawapokea yenyewe, kisha Rais Magufuli akawaita vilaza. Waliowapitisha hawakupewa jina lolote.

Samahani, waheshimiwa, sauti ilipanda.

Maombi madogo: cheti kichapwe tarehe ya mwisho wa matumizi, ada za maombi ya chuo, zinazolipwa chuo kwa chuo tangu 2017, zitolewe risiti ya rambirambi, B+ izikwe kwa heshima.

La mwisho halina mzaha. Divisheni ilirudishwa miezi michache kabla ya mtihani wa Mei 2016, watoto wakiwa wamesoma mwaka na nusu wakijua watapimwa kwa GPA. Mkitunga daraja jipya, lianze na wanaoingia Kidato cha Tano. Waliokwisha kuanza waacheni wamalize na kipimo walichokikuta.