Barua kutoka Leeds: Mwaka na Nusu, Nyimbo Tatu

 

Baba Mkubwa, umeniuliza kwenye simu, tena mbele ya watu, kwa nini mjukuu wako amejifunza piano mwaka na nusu na kufaulu daraja la kwanza tu, ilhali kijana wa kwaya hapo kanisani Korogwe alishika kinanda Pasaka, na kufika Krismasi akawa anaongoza ibada nzima. Swali hilo limeniharibia chakula. Najibu kwa maandishi, maana simu yako ina wasikilizaji wengi.

Huku Leeds hata muziki una cheti. Bodi ya mitihani ya muziki ya ABRSM ya London ilianzishwa mwaka 1889, na madaraja yake makuu ni manane. Mtihani una alama 150: ukipata 100 umefaulu, 120 umefaulu vizuri, 130 wanakuvulia kofia. Nyimbo ni tatu, kila mmoja alama 30. Skeli, yaani noti zinazopanda na kushuka kwa mpangilio, zina alama 21. Kusoma noti usizowahi kuziona ni 21 nyingine: unapewa nusu dakika uzitazame, kisha unapiga. Zilizobaki 18 ni za masikio: mtahini anapiga kipande, mtoto anafuata mapigo kwa makofi, anaimba alichosikia, anasema ni wapi pamebadilishwa. Yote hayo kwa dakika 12 hivi.

Sasa mwaka na nusu unaliwa na nini? Unaliwa na gumba. Skeli ya C ya mkono wa kulia huanza na gumba, cha shahada, cha kati, kisha gumba lipenye chini ya cha kati likaikamate F, mkono usiruke. Gumba la mtoto wa miaka saba halitaki. Limekataa kila jioni baada ya chai, hadi jirani wa upande wa pili wa ukuta, mzee wa Kiingereza asiyejua salamu, akanisimamisha kwenye ngazi: "Leo limepita?"

Likishapita, mkono wa kushoto nao una mistari yake mitano ya noti, na F ya huko haikai pale inapokaa ya mkono wa kulia.

Mwalimu wake anasema anayeanza kabisa ahesabu mwaka mmoja hadi miwili, na kwamba kinachofupisha safari ni dakika 20 za kila siku. Saa tatu za Jumamosi hazilipi deni la wiki.

Siku ya mtihani wazazi tulijazana kwenye korido bila kupumua. Mtoto alitoka akiulizia chipsi. Matokeo yakaja: 118. Mama yake alilia kwa furaha. Mimi nikazililia zile mbili zilizopungua.

Yule kijana wa kwaya ni fundi wa sikio, simshushi. Ila mpe karatasi ya noti asiyoijua, mpe na nusu dakika, kisha nipigie.

Ukiona bado tunachelewa, Baba Mkubwa, mitihani hii hufanyika hata Nairobi na haina kikomo cha umri. Kinanda cha kanisa hakina mtu Jumatatu hadi Ijumaa. Anza wewe. Ada nalipa mimi.