Mtani, Altezza na Ndoo za Asali

Mtu wa Tabora akipata hela ya tairi mbili mpya, anazifunga mbele. Mwambie utakavyo, hakusikii. Mbele ndiko kwenye usukani, atakujibu, za nyuma zinafuata tu. Zile zenye kipara zinapelekwa nyuma zikamalizie utumishi wao huko, na gari linakuwa la kistaarabu kabisa mpaka mvua za Novemba.

Mjomba wangu, aliyeendesha malori ya tumbaku ya Urambo hadi akastaafu, anasema huko ni kujipendekeza kwa usukani. Pua ya gari ikiteleza unaiona mapema, unapata muda wa kupunguza mwendo. Mkia ukiteleza hautoi taarifa. Kwa hiyo tairi nzuri zikae nyuma, hata kama gari linavutwa na za mbele. IST yangu alishaibadilisha hivyo bila kuniuliza.

IST ni gari la watu wapole. Tairi za mbele ndizo zinazovuta na hizo hizo ndizo zinazokata kona, na ukizidai kazi zote mbili kwa mpigo kwenye changarawe, zinagoma. Unakata usukani, gari linaendelea kwenda lilikokuwa linakwenda. Unakata zaidi, linaendelea zaidi, na mwenye shamba la karanga aliyeko mbele yako anaanza kusimama. Dawa yake haina sifa: unaachia mafuta taratibu, unarudisha usukani kidogo, unasubiri. Mwendo ukipungua tairi zinashika tena na pua inaingia. Abiria hata hajui kilichotokea, na hakuna atakayekupiga picha.

Mtani wangu, Mzaramo wa Kisarawe, hawezi kuishi bila kupigwa picha. Utani wetu na Wazaramo ni wa njia ya misafara. Babu zetu walitoka huku Unyanyembe na mizigo ya frasila mbili, kilo 30 na ushei begani, wakafika pwani miguu imevimba, wakakuta watu wamekaa kivulini wanawasubiri wawacheke. Mpaka leo kicheko hakijaisha. Mtani alikuja Tabora kwenye msiba, maana msiba bila mtani unapwaya, akaja na Altezza nyeupe iliyoshushwa springi. Mpelelezi Burton mwaka 1857 alitumia zaidi ya miezi minne kutoka pwani hadi hapa. Mtani alitumia siku moja, kupitia Dodoma na Itigi, na akashuka analalamikia matuta.

Altezza inasukumwa na tairi za nyuma, na hapo ndipo sifa zote zinapoanzia. Mtani alitufundisha kwa kutumia kisosi cha chai. Ukiwa katikati ya kona unakanyaga mafuta, nyuma inakosa mshiko, mkia unatoka. Unageuza usukani upande ule ule mkia unakokwenda, unacheza na mafuta, na gari linakwenda ubavuubavu huku wewe ukitazama nje kwa dirisha la pembeni. Siwezi kubisha, nadharia yake ilikuwa sahihi. Madereva wa Safari Rally huutoa mkia makusudi kabla ya kona, ili pua iwe imeshaelekea inakotakiwa. Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho, akainama, akatazama tairi za nyuma za Altezza, akarudi kukaa. Zilikuwa zimeng'aa.

Jumapili tukaenda Kwihara kuona tembe walilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Mtani kwenye usukani, mimi pembeni yake, mjomba na mama mdogo nyuma. Kwenye buti kulikuwa na ndoo mbili za asali ya Sikonge, zawadi ya mtani kwa mama mkwe wake. Ndoo ya lita 20 ikijaa asali inakaribia kilo 28, si sawa na maji, na zote mbili zilikaa nyuma ya ekseli. Tembeni mtani aliuliza Livingstone alikuwa analipa kodi shilingi ngapi kwa mwezi, tukatoka haraka. Mvua ilishapita. Kichanga kilikuwa kimelowa juu tu, chini laini.

"Mpagazi, funga mkanda," akaniambia.

Kona yenyewe iko chini ya miembe, na ni ya kizamani: inazunguka kitu ambacho hakipo tena. Njia za misafara ndivyo zilivyokuwa. Mti ukianguka, kirangozi anayeongoza msafara anauzunguka, walio nyuma wanamfuata mmoja mmoja, na mti ukishaoza watu bado wanazunguka. Mtani aliingia na mwendo wa lami. Kwanza pua ikagoma, kama IST yangu tu, jambo ambalo kisosi hakikulitaja. Akashtuka, akaachia mafuta ghafla. Uzito wote ukaenda mbele, nyuma ikawa nyepesi, na mkia ukatoka. Ni msafara ambao wapagazi wa nyuma wameamua kumpita kirangozi.

Nimtendee haki: aligeuza usukani upande unaotakiwa, na hakugusa breki. Tatizo ni kuurudisha. Mkia ukianza kurudi, usukani lazima urudi nao palepale. Ukichelewa, tairi za mbele zinashika zikiwa bado zimepinda, na mkia unatupwa upande wa pili kwa nguvu kuliko mwanzo. Mtani alichelewa kulia, akachelewa kushoto. Mama mdogo alitaja mitume kwa mpangilio. Kwenye buti kitu kilisema "pwaa". Tukasimama kwenye mtaro, tumeelekea Kwihara tulikotoka.

Kukawa kimya, kisha mjomba akasema, "Breki unamaliza ukiwa umenyooka. Ndipo unakata. Ndipo unakanyaga mafuta, tena kwa adabu." Bert Shankland wa Tanzania, akaendelea, alichukua Safari mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, na 404 nayo inasukumwa kutoka nyuma. Na Erik Carlsson, Msweden, mwaka 1964 alikwama matopeni na Saab yake, akaibiringisha makusudi mpaka ikatoka, akaendelea na mashindano, akashika nafasi ya pili.

Huyo Carlsson asingetajwa. Mtani aliinuka akaanza kuipima Altezza kwa macho, akiuliza tuko wanaume wangapi. Saab ile haikufika tani moja. Altezza inavuka tani moja na robo, bila asali.

Vijana wa bodaboda walifika kabla hatujapiga simu. Wakakubali elfu kumi kusukuma. Walipozunguka nyuma wakakuta asali imepita kwenye kisima cha tairi la akiba, inadondoka kwenye mabomba ya moshi yenye moto, na harufu yake imesambaa hadi kwenye miombo. Nyuki wa kwanza alikaa juu ya namba ya gari. Wa pili hakuja peke yake.

"Mzee, kusukuma ni elfu kumi," kijana mkubwa akamwambia mjomba, akimruka mtani kabisa. "Ila nyuki hawamo kwenye hesabu."

"Nyuki ni shilingi ngapi?" mtani akauliza.

"Wanahesabiwa, bro."

Nyuma hakukaribiwa tena. Walifunga kamba mbele wakavuta, mjomba akashika usukani, madirisha yote juu. Mama mdogo alishapanda pikipiki kitambo. Mtani alitembea mita kadhaa nyuma ya mkia, viatu mkononi, anadai apewe bei ya jumla.