Mwezi wa Uswisi Chaani

Fedheha ya kusahihishwa na muuza viazi karai kuhusu mwezi, ilhali mtu amevaa mkononi saa ya kifahari inayodai kuujua mwezi huo, haijapewa nafasi inayostahili katika maandishi ya Kiswahili, na kabla ya kuieleza ni lazima kwanza mashine yenyewe ieleweke.

Saa ya aina hii haina betri. Nguvu yake hutoka kwenye kamani, yaani utepe mwembamba wa chuma uliokunjwa na kufungiwa ndani ya kijisanduku, na kila mkono wa mvaaji unapocheza, kipande kizito cha nusu duara nyuma ya saa huzunguka na kuikaza upya. Mwezi umechorwa mara mbili juu ya kisahani kilichofichwa chenye meno 59, ambacho husukumwa jino moja kila siku na kidole kidogo cha chuma, kiasi kwamba mwezi wa kwanza huchungulia kidirishani, hunenepa, hufifia na kuzama, kisha pacha wake akapokea zamu. Meno 59 kwa miezi miwili ni siku 29 na nusu kwa kila mmoja, hesabu tamu inayomfanya mtu asamehe bei. Tatizo ni kwamba mwezi wa mbinguni, kwa wastani, huchukua siku 29, saa 12 na dakika 44, na hizo dakika 44, ambazo zaweza kuishia kwenye foleni ya feri ya Likoni bila mtu kushtuka, hurundikana zikawa siku nzima baada ya miaka miwili na miezi saba na ushei. Mafundi wa bei kali zaidi hutumia gurudumu la meno 135, ambalo hukosea siku moja katika takriban miaka 122, muda ambao mnunuzi hatakuwapo kudai fidia.

Saa ya fedheha hiyo, iliyovaliwa mtaani Chaani, Mombasa, ilikuwa ya meno 59, na isitoshe ilikuwa imelazwa kabatini hadi kamani ikaisha, kisha ikarekebishwa kwa kukisia. Jioni ya 29 Shaabani, wazee walipokusanyika nje ya duka kuutafuta mwezi mwandamo, ambao ukionekana kesho yake ni Ramadhani, mwenye saa alikunja mkono wa kanzu, akatazama kidirisha badala ya mbingu, akatangaza kwamba hakuna mwezi na watu waende wakale daku lao kesho kutwa. Muuza viazi akaelekeza upawa uliokuwa bado unachuruzika mafuta juu ya nyaya za umeme. "Na kile ni nini, baba? Taa ya trela?" Mwezi ulikuwa pale, mwembamba, umelala chali kama dau lililopwelewa. Mzee mmoja aliiomba saa, akaigeuzageuza, akairudisha kwa adabu iliyouma kuliko kicheko: "Huu wako umesimama, bwana. Wetu hulala."

Mzee huyo alikuwa sahihi kijiografia. Chaani iko nyuzi nne hivi kusini mwa ikweta, na katika ukanda huu mwezi mchanga mara nyingi huzama pembe zikiwa juu, ilhali uso wa saa huchorwa kwa jicho la mtu wa Ulaya. Kampuni ya IWC ya Schaffhausen, Uswisi, kwa ukarimu, hutengeneza saa yenye miezi miwili, mmoja wa kaskazini na mwingine wa kusini, na kati ya hiyo miwili Chaani haina wake. Mwambao huu umepanga mifungo, safari na uvuvi kwa mwezi kwa karne nyingi, na mvuvi wa hori la Port Reitz anajua bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mchanga, bila kidirisha chochote. Lakini anayetaka kununua mwezi wa mkononi huuziwa mbingu ya wengine kwa bei ya kiwanja, na hakuna anayeona haja ya kumwambia.

Kalenda ya saa hiyo nayo, iliyo ya gurudumu la siku 31 na inayodai kusahihishwa mara tano kwa mwaka, ilimwandikisha mwenye saa 30 Februari kwenye fomu. Watengenezaji saa wa Patek Philippe walileta mwaka 1996 kalenda inayohitaji kusahihishwa mara moja tu kwa mwaka, nayo ni mwishoni mwa Februari. Kisha masika yakaingiza mvuke chini ya kioo cha saa ya Chaani. Fundi wa mtaani, aliyefungua saa za ukoo mzima, alikataa hata kuigusa, akashauri isafirishwe kwa watengenezaji, na huko iliko sasa inasubiri ukaguzi ambao gharama yake, kabla ya ushuru wa kuirudisha, inazidi kodi ya nyumba ya mwaka.