Jiko la Jane

Nancy Meyers katupikia tena mapenzi ya uzeeni. Katika filamu yake It's Complicated (2009), Meryl Streep ni Jane, mwenye duka la mikate na keki kule Santa Barbara, anayeiba penzi na mtalaka wake, wakili Alec Baldwin, ambaye kwake kuna mke kijana. Na dhiki kuu ya mama huyu? Jiko. Jiko linaloweza kumeza harusi pamoja na wapishi wake, lakini halimtoshi. Kaitwa msanifu majengo, Steve Martin, aliongeze. Maskini wee! Nilicheka, sikatai: Baldwin na kitambi chake kisicho na haya anastahili tuzo. Ila kila Jane alipolia, macho yangu yalikuwa kwenye makabati, yakikadiria bei.