Zana za Kwenda Pwani

Leeds, Uingereza

Kwa jamaa zangu wapenzi wa Jambiani, wakubwa kwa wadogo.

Baada ya salamu nyingi, nawaarifu kwamba mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu, na baridi ipo kama ilivyo desturi yake, jambo ambalo sina budi kulitaja kwa kuwa barua itokayo nchi hii mwezi wa Januari pasi na kutaja baridi aghalabu hudhaniwa kuwa ni ya kughushi. Ama sababu hasa ya kushika kalamu ni kuwapeni habari ya ugeni. Jirani yangu wa mlango wa pili, mzee mstaafu aliye rika la Ami, pamoja na mkewe, wamekata tikiti za kuja kupumzika huko kwetu mwezi ujao, na katika pwani zote alizoziumba Mwenyezi Mungu, hoteli waliyoichagua ipo upande wa kusini wa kijiji chetu hichohicho, mwendo mfupi wa miguu kutoka kwa Shangazi. Na kwa kuwa walikwisha kujua kwamba mimi ni mzaliwa wa hapo, wakaniteua, bila ya mshahara wala hati, kuwa waziri wao wa mizigo.

Uwaziri huo nimeukubali kwa kustahi ujirani, ijapokuwa niliona dhahiri kwamba elimu yangu katika fani hii ni haba, maana katika umri wote nilioishi nyumbani sikumbuki hata siku moja kumsikia mtu wa kwetu akisema kwamba anafunga mizigo kwenda pwani. Pwani tulikwenda kwa haja: akina mama kwenye mwani na pweza, wanaume kwenye vyombo, na watoto kufanya yale wayafanyayo watoto pindi wazee wasipowaangalia; na kwa mila yetu hakuna kitu kinacholazwa ubavu juu ya mchanga kikapigwa na jua mchana kutwa isipokuwa mashua inayongojea kutiwa kalafati. Niliwaeleza hayo, wakacheka sana, wakanimiminia chai, kisha wakanipeleka kwenye meza yao ya kulia chakula, ambako zana zote zilikwisha kupangwa safu kwa safu, na mimi nikaombwa nizikague.

Jamaa zangu, nimesoma habari za vita vingi, lakini sikupata kusikia jeshi lililojihami kwa namna ile dhidi ya kitu ambacho limelipa fedha zake kukifuata. Watu hawa wanakuja kwenu kutafuta jua; tangu majani yalipoanza kupukutika wamekuwa wakilitaja asubuhi na jioni; na hata hivyo safu nzima ya mbele ya meza ile ilikuwa ni silaha za kulizuia: mafuta ya uso, mafuta ya mwili, mafuta ya midomo, mafuta ya kupaka baada ya mafuta yale mengine kushindwa, kofia za ukingo mpana, miwani myeusi, na fulana za mikono mirefu ambazo mtu huingia nazo majini. Kila chupa ina namba. Bibi, ambaye ni hodari wa hesabu, alinisomesha kwamba mafuta yaliyoandikwa 30 huzuia takriban asilimia 97 ya miale iunguzayo, na yaliyoandikwa 50 huzuia takriban asilimia 98. Na kwa ajili ya hiyo asilimia moja iliyozidi, mume wake alikuwa amerudishwa dukani kwa miguu, katika theluji, akabadilishe chupa zote. Nilimwuliza mzee kwa adabu kama haingekuwa wepesi zaidi kukaa kivulini, akanijibu kwamba kivuli kipo tele Leeds, tena bure. Sikuwa na la kumjibu. Nanyi mtakapowaona wamejipaka weupe juu ya weupe, msiwacheke, kwani ngozi zile huungua kwelikweli. Kijana mmoja wa mtaa huu alilala bustanini adhuhuri moja tu ya mwezi wa Juni, akashindwa kuvaa shati juma zima.

Chupa hizo zina mkasa wa pili. Tangu mwaka 2006, ilipogunduliwa njama ya kulipua ndege zitokazo Uingereza kwa baruti ya majimaji, msafiri hukatazwa kuingia ndani ya ndege na chupa ya majimaji iliyozidi mililita 100, na ijapokuwa baadhi ya viwanja vimeanza kuilegeza amri hiyo, mzee hana imani na ulegevu wa serikali. Kwa hiyo nilimkuta akiyahamisha mafuta kwa kijiko cha chai kutoka chupa kubwa hadi vichupa vidogo, na mkewe akimsimamia. Vichupa vikatiwa katika mifuko ya plastiki, viatu navyo katika mifuko mingine, na nguo chafu ambazo bado hazijachafuka zikawekewa mfuko wake mapema. Hapo ndipo uwaziri wangu ulipopata kazi, maana niliwajulisha kwamba Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, na Zanzibar ilikwisha kutangulia miaka mingi kabla, na kwamba kinachosamehewa mgeni ni kile kifuko kidogo angavu cha uwanja wa ndege, kwa sharti aondoke nacho. Bibi alikaa kitini. Alikuwa amejiandaa kwa mbu, kwa jua na kwa maradhi ya tumbo, lakini hakudhani hata kidogo kwamba Afrika itakuja kumkataza mfuko.

Kuhusu mbu sina maneno mengi. Wana vidonge vya malaria, ambavyo huanza kumezwa kabla ya safari na kuendelea siku 7 baada ya kurejea; wana dawa ya kujipaka yenye harufu ya kufukuza hata jamaa; na wana chandarua, ilhali hoteli ina chandarua juu ya kila kitanda. Niliwaambia malaria kwetu imepungua mno kuliko zama za utoto wangu, lakini vidonge nikawasihi wavimeze, kwani waziri wa mizigo si tabibu.

Kilichonitia furaha ni kile kidude cha kubadilishia plagi ya umeme. Mzee alikuwa amenunua kimoja kizuri, chenye meno ya kila taifa, kinachochomoza huku kikiingia kule, akanionyesha kwa fahari namna ya kukitumia kwetu. Nikaichukua plagi ya birika lake, yenye meno yake matatu ya pembe nne, nikamwambia: hii hii. Hakuamini. Ikanilazimu kumkumbusha kwamba Waingereza walipoondoka Unguja mwezi wa Disemba 1963 waliteremsha bendera yao wakaikunja vizuri, lakini matundu ya umeme walituachia, na hadi leo tunayo. Alikitazama kidude kile kwa huzuni, kisha akakitia sandukuni, asije akajilaumu.

Na sasa chai. Bibi amefunga paketi ya chai ya vifuko, kubwa ya kutosha msiba wa siku 3, kwa hoja kwamba chai ya ugenini haiaminiki. Ninyi mnajua, nami najua, na mchuuzi yeyote wa Mombasa anajua, kwamba Kenya ndiyo nchi inayouza nje chai nyeusi kuliko zote duniani, na kwamba sehemu kubwa ya chai inywewayo Uingereza hutoka kwenye milima ya Kericho na jirani zake, ikateremshwa hadi mnada wa Mombasa, ikapakiwa melini. Kwa hiyo majani yale, baada ya kuvuka bahari nzima, kuchanganywa, kutiwa vifukoni na kuandikwa majina ya fahari, sasa yanapandishwa ndege kurudi pwani ileile yaliyotokea. Tena si chai peke yake. Kwa mujibu wa maandishi yaliyo ubavuni mwake, dawa yao ya meno imetiwa kile kinachoifanya iwe nzito isimwagike, nacho hutengenezwa kwa mwani, mwani wa jinsi ileile anayoilima Shangazi kwenye vigingi tangu kilimo hicho kilipoingia Paje na Jambiani mwaka 1989. Sisemi kwamba ni mwani wake; nasema angeutambua.

Nilipoona nusu ya sanduku ni mali iliyokuwa ikirejeshwa kwao, nikamtolea mzee hoja ya tarehe, kwa kuwa anapenda tarehe. Stanley, nikamwambia, ambaye sina sababu ya kumsifu kwa mengine, alishuka Unguja mwezi wa Januari 1871 akiwa na safari ya kwenda kumtafuta Livingstone, nayo si safari ya kulala kitandani na kuletewa madafu. Na mtu huyo shehena yake kubwa, merikani, kaniki, shanga na nyaya, ambayo ilifika karibu ya tani 6, hakuifunga Ulaya akaja nayo, bali aliinunua palepale mjini, katika maduka ya Wahindi na Waarabu. Ikiwa vya kwenda Ujiji vilipatikana Unguja miaka ile, yeye anahofia nini kununua kofia ya ukindu leo? Mzee aliwaza kwa muda, akasema Stanley hakuwa na mke wa kumfungia mizigo. Ni kweli.

Nguo za kuogelea za bibi zilikuwepo mezani, nami kwa hishima yenu sitazieleza. Itoshe kwamba niliangalia dirishani mpaka zilipoondolewa. Ndani ya hoteli ni mambo yao. Lakini niliwaambia bayana kwamba baina ya hoteli na duka la Makame ipo njia, na kando ya njia upo msikiti na ipo skuli, na kwamba mabega na magoti hayana haja ya kupita hapo yakiwa wazi; kwa hiyo nikashauri kanga, doti moja ya Darajani, ambayo itakuwa kivazi njiani, shuka hotelini, taulo majini na pazia chumbani, na ambayo ingewaokolea takriban robo ya sanduku. Bibi alilipenda sana shauri hili, akaliandika katika daftari chini ya vitu vyote vingine, wala hakufuta kimoja.

Nilichokitafuta mezani nisikione ni habari za maji. Wana miwani ya kuzamia, wana viatu vya mpira, ambavyo nilivisifu kwa dhati kwa sababu ya wale wadudu wenye miiba mieusi wa mwambani, na wana bata wa mpira wa kupuliza mwenye ukubwa wa kitanda; lakini hakuna aliyewaambia kwamba bahari ya Jambiani huondoka. Nikawafafanulia kwamba mara mbili kwa siku maji hujaa na mara mbili hupwa, kila siku yakichelewa kwa takriban dakika 50, na kwamba wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti baina ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4, hata maji yakaenda zake mpaka mwambani na mwenye bata wake akabaki naye mchangani, kati ya mashamba ya mwani ambayo nawaomba wasiyakanyage. Mzee alisikiliza kwa makini, akauliza kama hoteli imearifiwa. Nikamwambia imearifiwa. Akauliza kwa nini basi picha zote za hoteli zinaonyesha maji yamejaa. Nikamwambia kwamba mpiga picha naye huangalia mwezi.

Bima ya Zanzibar, ile ya dola 44 ambayo kila mgeni ametakiwa kuilipa tangu Oktoba 2024, wamelipa kwa manung'uniko na risiti wameichapisha nakala kadhaa. Makoti mazito watakuja nayo, hakuna hila, kwa sababu watatoka nyumbani kwenye barafu na kurejea kwenye barafu. Basi mtayaona yametundikwa chumbani siku zote, katika joto la kaskazi, msidhani ni wendawazimu.

Sasa nina ombi. Kila mmoja wao ana ruhusa ya kilo 23, na kwa hesabu ya mzee mwenyewe mafuta, chai na dawa vitakwisha hukohuko, kwa hiyo masanduku yatarudi na nafasi, nami nimeahidiwa sehemu yake kuwa ndiyo ujira wa uwaziri. Nawaombeni mnitilie karafuu, hiliki, mdalasini, na achari ya ndimu iliyofungwa barabara. Makombe na matumbawe msitie hata kimoja, kwani ni kosa kuyatoa nchini bila ya kibali, na mzee ataungama kabla hajaulizwa. Najua pia kwamba Shangazi atataka kuniletea papa mkavu. Mwambieni namshukuru na Mungu amzidishie, lakini asimtie, kwa sababu mimi bado nitaendelea kukaa mlango wa pili na watu hawa.

Wasalaam,
Mwanenu wa Leeds